Kisahani cha Kinyozi na Ndege ya Pundamilia

Kuna filamu moja ya Kimarekani ambayo nimeitazama mara nne, na kila nikimtajia mtu hapa Musoma ananiuliza swali lile lile: ya mwaka gani hiyo, mbona haina rangi? Ni ya mwaka 2001, ndugu yangu. Inaitwa The Man Who Wasn't There, yaani mtu ambaye hakuwepo, na ndugu wawili walioitengeneza, Joel na Ethan Coen, waliiacha nyeusi na nyeupe kwa makusudi mazima. Tena mpiga picha wao, Roger Deakins, aliipiga kwa mkanda wa rangi, kisha ikachapwa bila rangi. Mwaka huo huo Joel Coen akagawana tuzo ya mwongozaji bora pale Cannes na David Lynch.

Walichokuwa wanakifuata ni zile filamu za Hollywood za miaka ya 1940 na 1950 ambazo Wafaransa walizibatiza jina la noir, nyeusi. Unazijua hata kama hujui jina lake: taa moja, moshi wa sigara, vivuli vya pazia ukutani, mwanamume aliyechoka na maisha, pesa ambayo si yake, maiti, na sauti ya msimulizi inayokuambia mapema kwamba mambo hayataisha vizuri. Ila hawa ndugu wakaongeza kitu ambacho hakina kazi katika filamu ya namna hiyo. Wakaweka visahani vinavyoruka, vile vyombo vya angani visivyotambulika. Ni hivyo visahani vilivyoninyima usingizi, na ndivyo vilivyonifikisha mpaka Hunyari kuongea na mzee mmoja juu ya ndege. Vumilia, nitafika huko.

Kwanza hadithi yenyewe. Mwaka ni 1949, mji ni Santa Rosa, California. Ed Crane (Billy Bob Thornton) ni kinyozi katika saluni ya shemeji yake. Haongei. Anavuta sigara na kunyoa watoto. Mkewe Doris anatembea na bosi wake, Big Dave, mwenye sifa ya kujisifia vita. Siku moja anakuja mgeni, anakaa kwenye kiti cha kunyolewa, na kueleza biashara mpya ya kusafisha nguo bila maji: anatafuta mbia mwenye dola 10,000. Ed anamwandikia Big Dave barua isiyo na jina, akimtisha kwamba atatoboa siri ya uzinzi wake asipolipa kiasi hicho hicho. Dave analipa, anagundua, anamkaba Ed, na Ed anamuua kwa kisu kidogo cha kukatia ncha za sigara. Polisi wanamkamata Doris. Doris anajinyonga mahabusu kabla kesi haijasikilizwa. Baadaye Ed anahukumiwa kifo kwa mauaji ya yule mgeni wa biashara ya nguo, ambaye kwa kweli aliuawa na Big Dave. Yaani alichofanya hakuadhibiwa, na alichoadhibiwa hakufanya. Anatusimulia yote haya akiwa gerezani kwa sababu gazeti moja la wanaume linamlipa senti tano kwa kila neno. Mwandishi wa habari kama mimi hawezi kuacha kucheka hapo, kwa sababu ni malipo mazuri kuliko ninayoyajua.

(Mabano kidogo kwa wapenda historia: filamu inamkalisha Ed kwenye kiti cha umeme. California haikuwahi kutumia kiti cha umeme. Tangu mwaka 1938 ilikuwa inatumia chumba cha gesi pale San Quentin. Nadhani ndugu Coen walijua, wakaona kiti kinapendeza zaidi, hasa kwa mtu aliyeishi maisha yake yote nyuma ya kiti cha kinyozi.)

Niliwahi kuiweka hii filamu kwa washkaji zangu wa Bunda. Hawa ni vijana waliokulia kwenye mabanda ya video, enzi zile ambapo filamu ya Kichina au ya Kihindi ilikuwa inaingia na mtafsiri wake, na jina la Lufufu lilikuwa kubwa kuliko la mwigizaji yeyote. Mtafsiri wa banda la video hawezi kunyamaza. Akinyamaza watu wanadai hela yao. Sasa mpe Ed Crane, mtu ambaye dakika nzima anavuta sigara tu na kuangalia nywele. Mmoja wao akaanza kumtafsiria kwa sauti nzito, akimwekea maneno mdomoni, na nakuapia filamu ikawa nzuri maradufu. Lakini kisahani kilipotokea juu ya ua wa gereza wote wakaangua kicheko. Wakaniuliza, hiki nacho kimetoka wapi?

Ni swali la haki. Wapo pia wachambuzi walioona ni utani tu wa ndugu Coen, na kwa hawa jamaa utani haukosekani. Basi tuvihesabu hivyo visahani. Mara ya kwanza, mjane wa Big Dave, anayeitwa Ann, anamjia Ed usiku nyumbani, amejifunika utaji mweusi, macho yamemtoka. Anamweleza kwamba mume wake na yeye walipiga kambi Eugene, Oregon, wakaona chombo, na mumewe akachukuliwa ndani yake. Tangu siku hiyo hakumgusa tena. Anaamini serikali inajua, na kwamba kifo cha mumewe kinahusika na siri hiyo. Mara ya pili, Ed anapata ajali ya gari, na kifuniko cha gurudumu kinachomoka na kubingirika peke yake, cha mviringo, kinang'aa, kama kisahani kabisa. Mara ya tatu ni usiku gerezani. Ed anatoka selo, anapita korido tupu, anafika uani, na juu ya ukuta kimesimama chombo kinazunguka na kummulika kwa taa. Anakiangalia. Anatikisa kichwa kidogo kama mtu anayemsalimia jirani. Anarudi selo kwake.

Mimi nasema hakuna utani hapo, au kama upo umekaa juu ya historia nzito. Angalia mwaka: 1949. Tarehe 24 Juni 1947 rubani mmoja, Kenneth Arnold, alisema ameona vitu tisa vikienda kasi karibu na Mlima Rainier, na magazeti ndiyo yaliyozaa jina la visahani vinavyoruka. Wiki mbili baadaye, tarehe 8 Julai, kambi ya jeshi la anga ya Roswell, New Mexico, ikatangaza kwamba imeokota kisahani. Mara jeshi likageuka na kusema ni puto la hali ya hewa tu. Watu wakacheka, wakasahau, halafu miaka ya baadaye wakakumbuka kwa nguvu zaidi.

Sasa sikiliza sehemu tamu. Mwaka 1994 Jeshi la Anga la Marekani lilitoa ripoti na kukiri kwamba halikuwa puto la kawaida la hali ya hewa. Kulikuwa na mradi wa siri, jina lake Mogul, wa kupeleka juu sana misururu ya maputo yenye vipaza sauti ili kusikiliza kama Warusi wamelipua bomu la nyuklia. Na Warusi wakalilipua kweli, tarehe 29 Agosti 1949. Katika filamu kuna mteja wa saluni anayesoma gazeti na kuwaambia wenzake kwamba Warusi wamelipua bomu na hakuna la kufanya. Ed anaendelea kunyoa. Kwa hiyo kisahani na bomu la Warusi, ambavyo katika filamu vinaonekana havihusiani hata kidogo, katika historia vilikuwa kitu kimoja. Bibi Ann hakuwa na akili timamu sana usiku ule, nakubali. Ila aliposema serikali inaficha kitu, alikuwa sahihi. Serikali ilikuwa inaficha kitu. Alichokosea ni kitu gani.

Na hofu ya watu kama yeye ilipewa faili. Jeshi lilianzisha mradi wa Sign mwaka 1948, ukafuata Grudge mwaka 1949, kisha Blue Book kuanzia 1952 hadi 1969. Zilikusanywa taarifa 12,618, na 701 kati yake zikabaki bila maelezo. Mkulima wa Kansas akiona taa juu ya mahindi yake, anakuja ofisa na fomu, anamuuliza ilikuwa saa ngapi, ilielekea wapi, ilikuwa na ukubwa gani ukinyoosha mkono. Hawakumwamini, mara nyingi. Lakini walimwandika.

Hapa ndipo nilipoanza kufikiria kwetu.

Mwaka huo huo wa 1949, mwezi Aprili, mwalimu kijana kutoka Butiama aliondoka Tanganyika kwenda kusoma Edinburgh. Baba yake, Chifu Nyerere Burito, alikuwa amefariki mwaka 1942. Yeye alikuwa ameanza shule Mwisenge, hapa hapa Musoma, mwaka 1934, akapita Tabora na Makerere. Ukienda leo Mwitongo, kwenye makumbusho na kaburi lake, utaona maisha ya mtu mmoja wa Mara ambayo yameandikwa karibu yote. Nenda lakini na swali la wale wengine, walioishi Mara mwaka 1949 bila kwenda Edinburgh. Redio ya Tanganyika ilikuwa haijaanza (Sauti ya Dar es Salaam ilisikika mwaka 1951). Kulikuwa na Mambo Leo, gazeti la serikali, kwa wachache waliojua kusoma. Zilizobaki zilikuwa habari za mdomo. Na katika habari za mdomo za miaka hiyo, kuanzia pwani hadi maziwa makuu, mmoja alikuwa maarufu kuliko kisahani chochote: mumiani.

Kila mtu aliyelelewa na bibi anaijua. Kuna watu, mara nyingi wa serikali, wanazunguka na gari, wanakamata watu usiku na kuwanyonya damu. Kenya na Uganda wakawaita wazimamoto, kwa sababu ya magari mekundu. Neno mumiani lenyewe ni la zamani kuliko Mwingereza: kamusi za zamani za Kiswahili zinalieleza kuwa dawa nyeusi mithili ya lami, ambayo watu waliamini imetokana na damu ya binadamu. Kilichokuja na ukoloni ni gari, ofisa na sindano. Mwanahistoria Luise White aliandika kitabu kizima juu yake mwaka 2000, na alichofanya kilikuwa rahisi na cha ujasiri: aliacha kuuliza kama mumiani walikuwepo, akauliza kwa nini watu wengi namna ile, waliokaa mbali namna ile, walichagua kueleza utawala wa kikoloni kwa hadithi ya damu.

Kwa Mara jibu halihitaji kwenda mbali. Panda gari kutoka Musoma kwenda kaskazini mpaka Shirati, siku hizi wilaya ya Rorya. Enzi za Wajerumani palikuwa kituo cha jeshi, na ugonjwa wa malale ulipoizunguka ziwa mwanzoni mwa karne ya 20, pakawa pia mahali pa kuwakusanya na kuwatibu wagonjwa. Daktari Robert Koch, huyo huyo mkubwa wa kifua kikuu, alikuwa amejenga kambi yake ya utafiti visiwa vya Sese upande wa Uganda mwaka 1906 na 1907. Dawa iliitwa atoksili, yenye sumu ya aseniki ndani yake. Kule Sese baadhi ya wagonjwa walipofuka kwa dawa hiyo. Na namna ya kumpima mtu ilikuwa kumpapasa shingo kutafuta tezi zilizovimba, kuzichoma kwa sindano na kuvuta majimaji, na kumtoa damu.

Jiweke kwenye nafasi ya Mjaluo au Mkurya wa mwaka 1907. Anakuja Mzungu mwenye askari. Anashika shingo yako. Anatoa damu, anaondoka nayo, anaitazama kwenye chombo cha kioo. Anakupa dawa. Mwenzako anapofuka. Miaka 30 baadaye mjukuu wako anasimulia kwamba kuna watu wa serikali wanaochukua damu, na ofisa wa wilaya anacheka na kuandika kwamba wenyeji wana ushirikina. Mjukuu alikosea kitu gani hasa? Kama Ann, alikosea maelezo tu. Damu ilichukuliwa kweli.

Tofauti ni kwamba Ann alipata kuandikwa kama shahidi, hata kama shahidi wa ajabu. Mumiani akaingia kwenye makabrasha ya kikoloni kama uvumi, kama tatizo la usalama, kama kichekesho cha baa ya Wazungu. Sijasema kwamba Waingereza wangeanzisha mradi wa kuchunguza mumiani. Nasema wangeweza kumuuliza mtu mmoja saa ngapi, wapi, gari la rangi gani.

Na usidhani anga letu halikuwa na visahani. Tarehe 19 Februari 1951 ndege ya East African Airways aina ya Lodestar ilikuwa inatoka Nairobi kwenda Mombasa asubuhi. Rubani, Kapteni Jack Bicknell, na watu waliokuwa naye ndani wakaona kitu kimesimama juu ya Kilimanjaro: kirefu kama risasi, rangi ya fedha iliyofifia, na mistari myeusi ya wima mwilini kwa nafasi sawasawa. Kilikaa pale dakika kadhaa, kisha kikapanda juu na kuondoka kuelekea pwani. Kisa hiki kimo hadi leo katika vitabu vya wapenzi wa visahani Ulaya na Marekani. Binafsi nadhani mlima ule una tabia ya kujitengenezea mawingu ya duara na ya ndefu juu ya kilele, yenye kingo safi kama yamechongwa, na asubuhi jua likiyapiga huwezi kumlaumu rubani. Ingawa mistari myeusi inanisumbua kidogo.

Kinachonisumbua zaidi ni mashahidi. Kisa kinavyosimuliwa, walioona ni waliokuwa ndani ya ndege. Asubuhi hiyo, chini ya mlima, kulikuwa na maelfu ya Wachagga mashambani kwao Machame, Marangu na Rombo, watu wanaoutazama mlima ule kila siku ya Mungu na wanaojua wingu lipi ni la kawaida na lipi si la kawaida. Mimi ningeanza kuuliza kwao.

Mistari myeusi. Hebu niikamate hapo hapo, kwa sababu miaka saba baadaye kitu kingine chenye mistari myeusi na myeupe kilionekana angani, safari hii kwetu.

Mwaka 1951, mwaka wa kile kitu cha Kilimanjaro, ndio mwaka ambao Serengeti ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Sehemu yake ya magharibi inanyoosha ulimi mpaka karibu na ziwa. Ukitoka Mwanza kwa basi, kabla hujafika Bunda, unapita geti la Ndabaka mkono wa kulia, na mara nyingi unaona nyumbu barabarani kabla hujamaliza kula mahindi yako ya kuchoma. Watu wa upande huo, Waikoma, Wanata, Waishenyi, Wangoreme, Waikizu, walikuwa wakiwinda, wakilisha na kutambikia katika mbuga zile kabla hazijapewa mipaka. Mwanahistoria Jan Bender Shetler amekusanya kumbukumbu zao (kitabu chake Imagining Serengeti kilitoka mwaka 2007), na linalogusa ni jinsi wazee wanavyotaja majina: kilima hiki kilikuwa cha ukoo fulani, chemchemi ile ndipo walipokaa fulani kabla ya njaa. Sasa vilima hivyo viko ndani ya hifadhi, na kwenye ramani za watalii vingi havina majina hayo.

Mwishoni mwa mwaka 1957 Mjerumani Bernhard Grzimek, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, na mwanawe Michael, waliruka kutoka Ujerumani mpaka Serengeti kwa ndege ndogo aina ya Dornier. Waliipaka mistari ya pundamilia, kuanzia pua mpaka mkia. Usajili wake ulisomeka D-ENTE, na ente kwa Kijerumani ni bata. Kazi yao ilikuwa kuhesabu wanyama kutoka angani, kwa sababu serikali ya kikoloni ilitaka kubadilisha mipaka ya hifadhi. Walihesabu 366,980. Michael akafa tarehe 10 Januari 1959 ndege ilipogongana na tai. Mipaka ikachorwa upya mwaka huo huo: Ngorongoro ikatengwa, Wamasai wakahamishwa kutoka Serengeti, na eneo la kaskazini likaongezwa kwenye hifadhi mpaka mpaka wa Kenya. Filamu ya baba na mwana, yenye jina linalosema Serengeti haipaswi kufa, ikatoka mwaka 1959 na kupata Oscar mwaka 1960.

Ni filamu nzuri, nisiwe mnafiki. Ina rangi, ina anga, ina nyumbu mpaka macho yanachoka. Ukiitazama ukitokea Bunda lakini unaanza kutafuta watu wako, na ukiwapata wako upande wa mitego ya waya, ni majangili. Wamasai wapo, warefu na wazuri, na hoja ya filamu ni kwamba mifugo yao isiwe mle. Kijiji chenye watoto, mtama na mabishano ya mahari, hapo Ikoma, hakipo. Wanyama wana hesabu mpaka tarakimu ya mwisho. Watu hawakuhesabiwa.

Ndiyo maana nikaenda Hunyari. Nilikuwa nimesikia kuna mzee aliyekuwa kijana mdogo miaka hiyo, na nikapata mtu wa kunipeleka kwa pikipiki kutoka Bunda. Shikamoo mzee, marahaba mjukuu wangu, kaa, kunywa maji. Nikamuuliza juu ya ndege. Akasema ndege ndogo zilipita, ndiyo, nyingine chini sana. Nikatoa simu nikamwonyesha picha ya ile ya mistari. Akaiangalia kwa muda, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akasema hakumbuki mistari. Nilitamani sana akumbuke, nikiri. Nikamuuliza walikuwa wanafanya nini ndege ikipita. Akacheka, meno yote nje. Walikuwa wanajificha chini ya miti. Nikamuuliza waliogopa ni mumiani? Akaniangalia kama mtu mjinga. Walijificha kwa sababu walikuwa na nyama. Nyama iliyoanikwa, kimoro, haiwezi kukimbia, kwa hiyo unaikumbatia ukalala juu yake mpaka mlio upotee.

Akanieleza na mengine, ya faini na ya ndugu yake aliyefungwa, ambayo aliniomba nisiyaandike kwa jina, na sitayaandika. Katika yote hayo hakuna aliyewahi kumuuliza kabla, alisema, isipokuwa askari.

Rudi kwa Ed uani gerezani. Taa inamtoka juu, imemmulika mtu mmoja aliyesimama peke yake. Wanaocheka kisahani wanasahau kwamba katika filamu nzima hicho ndicho kitu pekee kinachomwangalia Ed. Mkewe hakumwangalia, wakili wake hakumsikiliza, hakimu alimhukumu kwa kosa la mwingine. Washkaji zangu wa Bunda waliocheka, baada ya mimi kuwasimulia habari ya mzee, mmoja wao akauliza swali ambalo bado ninalo: kwa hiyo ile ndege, ingewamulika watu wale chini ya mti, ingewahesabu?

Isingewahesabu. Ingewaandika majangili, nadhani, na mwaka 1959 wakaongezewa faini. Na wala tusiwatupie Wajerumani na Waingereza peke yao. Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya Uhuru, yule yule kijana wa Butiama aliyekwenda Edinburgh, sasa akiwa Waziri Mkuu, alitoa tamko la Arusha la kuahidi ulimwengu kwamba wanyamapori watatunzwa (usilichanganye na Azimio la Arusha la 1967). Alikuwa na sababu zake: nchi maskini, inayotafuta marafiki na fedha za kigeni. Kutoka Butiama mpaka mbuga zile si mbali. Alijua kabisa nani anakaa kando yake. Miaka ya 1990 yakafuata mapori ya akiba ya Grumeti na Ikorongo, na mstari ukasogea tena karibu na mashamba.

Pale ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro kuna mnara wa mawe juu ya kaburi la Michael Grzimek, na baba yake naye alizikwa hapo mwaka 1987. Watalii wanapiga picha. Mimi sasa natafuta vitabu vya mahakama za wenyeji za Ikizu, Nata na Ikoma za kuanzia 1951 mpaka 1961, zile rejista za faini, kwa sababu naamini ndimo yalimo majina ambayo filamu haikuyataka. Kama umefanya kazi mahakama ya mwanzo yoyote ya Bunda au Serengeti na umewahi kuona makabati ya zamani ambayo hayajaliwa na mchwa, niandikie. Na kama una babu au bibi wa Hunyari, Robanda, Nata au Issenye, muulize juu ya ndege. Usimwonyeshe picha kwanza. Muulize ilikuwa saa ngapi, ilitoka upande gani, na yeye alikuwa amesimama wapi.